Mgonjwa aliyeungua alishwe kwa gramu, si kwa kukadiria

Kidonda cha moto kikichelewa kufunga, wodini huulizwa maswali yaleyale. Kuna vijidudu? Dawa ya kupaka ibadilishwe? Ngozi iliyopandikizwa imekataa kushika? Ni maswali ya haki. Lakini swali la gramu ngapi za protini zimeingia tumboni mwa mgonjwa tangu jana huja mwisho, na likija halipati jibu kwa kuwa hakuna aliyeandika. Dozi ya antibiotiki imeandikwa kwa miligramu na saa yake. Chakula kimeandikwa "amekula", basi. Neno hilo linaweza kuwa sahani nzima, linaweza kuwa vijiko vitatu.

Kwa mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili, chakula ni tiba yenye dozi. Kinachowaangusha wagonjwa ni dozi hiyo kutopangwa, kutopimwa, na kusimamishwa ovyo. Mjadala kuhusu virutubisho vya bei kubwa umekuwa ukifunika jambo hili ambalo ni la msingi zaidi.

Kwanza ukubwa wa jeraha. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Wekundu mtupu usio na malengelenge hauhesabiwi. Mtu mzima aliyekuwa na afya njema, aliyeungua chini ya asilimia 10 au 15, kwa kawaida atajitosheleza kwa kula kwa mdomo akiongezewa vyakula vya protini. Kuanzia asilimia 20 mambo hubadilika. Homoni za adrenalini, kotisoli na glukagoni hupanda na kubaki juu, moyo hukimbia, joto la ndani hupanda nyuzi 1 hadi 2 hata pasipo maambukizi, na nishati anayotumia mtu aliyelala tu kitandani inaweza kukaribia mara mbili ya kawaida. Katika majeraha makubwa hali hiyo haikomi siku ngozi inapofunga. Imepimwa ikiendelea kwa muda wa hadi miaka 2.

Sehemu ya nishati hiyo hupotea kwa njia rahisi kuieleza. Ngozi iliyoungua haizuii maji, na kila lita 1 inayokuwa mvuke juu ya kidonda hubeba joto la takriban kilokalori 580. Ndiyo maana chumba cha mgonjwa huyu hutakiwa kuwa na joto la nyuzi 28 hadi 30: akitetemeka kwa baridi, chakula alichopewa kinachomwa kutengeneza joto badala ya kujenga ngozi. Sehemu iliyo mbaya zaidi hutoka kwenye misuli. Tangu miaka ya 1930 mtafiti wa Scotland David Cuthbertson alionyesha kwamba mtu aliyevunjika mfupa hupoteza nitrojeni nyingi kwenye mkojo, dalili kwamba protini za mwili wake zinavunjwa. Kwa aliyeungua uvunjaji huo ni mkali zaidi, na juu yake kuna protini inayotoka moja kwa moja na majimaji yanayolowesha bandeji. Misuli huvunjwa kuwa asidi amino, vijenzi vya protini. Ini huzichukua na kutengeneza glukosi. Kidonda huila glukosi hiyo bila kushiba.

Hapa ndipo penye mtego. Mwanzoni mwili hukipa kidonda kipaumbele. Unaweza kukuta kidonda kinaota nyama nyekundu safi huku mapaja ya mgonjwa yakipukutika, na kila mtu akaridhika kwa sababu anayetazamwa ni kidonda. Hali hiyo haidumu. Mgonjwa akipoteza karibu asilimia 10 ya tishu zake zisizo mafuta, hasa misuli, kinga hushuka na maambukizi huongezeka. Akifika asilimia 20, kidonda huanza kugombania protini na mwili wenyewe, na kasi ya kufunga hupungua. Kwenye asilimia 30 kidonda karibu kinasimama, vidonda vya kulalia hutokea, na misuli ya kupumua hudhoofu kiasi cha kushindwa kukohoa, nimonia ikaingia. Asilimia 40 kwa kawaida ni kifo. Kwa hiyo kidonda kilichosimama wiki ya nne mara nyingi kinalipa deni la wiki ya kwanza na ya pili, na kubadilisha dawa ya kupaka siku hiyo hakulipi deni.

Tuchukue mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua asilimia 40. Protini inayopendekezwa kwa watu wazima walioungua sana ni gramu 1.5 hadi 2 kwa kila kilo kwa siku, yaani gramu 90 hadi 120. Mtu mwenye afya wa uzito huo hutosheka na karibu 48. Kwa watoto ni gramu 1.5 hadi 3 kwa kilo. Kwa nishati, kanuni maarufu ni ile ya Curreri ya mwaka 1974: 25 mara uzito, jumlisha 40 mara asilimia iliyoungua. Kwa mgonjwa wetu ni 1,500 jumlisha 1,600, yaani kilokalori 3,100 kwa siku. Kanuni hiyo hukisia juu, hasa kwa wagonjwa wa leo ambao ngozi mfu huondolewa mapema na vyumba vyao huwa na joto, kwa hiyo ichukuliwe kama dari. Palipo na kifaa cha kupima hewa anayovuta na kutoa mgonjwa, kipimo hicho kitumike. Pasipo nacho, lengo lipangwe kwa kanuni, kisha lirekebishwe kila wiki kwa kumtazama mgonjwa.

Uzito unaoingia kwenye hesabu ni ule wa kabla ya kuungua. Huyu wa kilo 60, akipewa maji ya dripu kwa kanuni ya mililita 4 kwa kilo kwa kila asilimia, atapokea karibu lita 9.6 katika saa 24 za kwanza, na nyingi hubaki mwilini kama uvimbe. Mizani ya siku ya tatu itasema amenenepa. Muulize yeye au ndugu zake uzito wake wa kawaida, uandike juu ya faili.

Sasa linganisha lengo hilo na kinachoingia kweli. Lita 1 ya uji mwepesi wenye gramu 100 za unga wa nafaka ina takriban kilokalori 350 na protini gramu 8. Ili afikishe 3,100 kwa uji huo mgonjwa angehitaji karibu lita 9, na hata akizimaliza angekuwa na protini gramu 70 tu. Hakuna tumbo linaloweza kazi hiyo. Lita ileile ikiongezwa gramu 50 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta, mililita 30 za mafuta ya kupikia na gramu 25 za sukari hufika karibu kilokalori 870 na protini gramu 26. Ujazo haukubadilika, kilichobadilika ni kwamba kila kijiko kina uzito. Yai moja lina gramu 6 za protini, kikombe cha maziwa cha mililita 250 gramu 8, gramu 100 za nyama, kuku au samaki aliyepikwa kati ya gramu 22 na 30, kikombe cha maharage yaliyoiva karibu gramu 15. Muuguzi mwenye namba hizi ukutani anaweza kujumlisha siku nzima ya mgonjwa kwa dakika tano.

Soda, chai ya rangi na supu ya maji ndivyo vinavyoshibisha tumbo la mgonjwa pasipo kumjenga. Ndugu huvileta kwa upendo, na mgonjwa mwenye kiu huvipokea kwa furaha. Mwache anywe, ila baada ya kile chenye protini. Kiu yenyewe itulizwe kwa maziwa yaliyoongezwa nguvu.

Kuhusu muda wa kuanza hakuna sababu ya kusitasita: ndani ya saa 12 baada ya kuungua ikiwezekana, na isizidi saa 24, hata kama ni kwa kiasi kidogo cha mililita 20 hadi 40 kwa saa kupitia mpira wa kulishia wa puani. Utumbo usiopitisha chakula hudhoofu haraka, kuta zake huwa nyembamba na bakteria hupata upenyo. Mwaka 1842 daktari wa upasuaji wa London, Thomas Blizard Curling, alieleza vidonda vikali vya sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba kwa watu walioungua; kulisha mapema ni moja ya sababu vidonda hivyo vimekuwa adimu. Kusubiri sauti za utumbo zisikike ndipo mgonjwa alishwe ni desturi iliyopitwa na wakati. Kulisha kwa mshipa kubaki kwa yule ambaye utumbo wake kweli umeshindwa, kwani huleta maambukizi zaidi.

Uangalifu zaidi uwepo kwa mgonjwa aliyekuwa na utapiamlo kabla ya ajali, mlevi wa muda mrefu, au aliyekaa zaidi ya siku 5 bila kula. Akijazwa chakula kwa mkupuo, insulini hupanda na madini ya fosfati, potasiamu na magnesiamu hutoka kwenye damu na kuzama ndani ya seli. Moyo unaweza kupoteza mapigo. Apewe thiamini (vitamini B1) kwanza, aanze na takriban kilokalori 10 kwa kilo kwa siku, kisha apandishwe ndani ya siku 4 hadi 7 huku damu ikipimwa.

Uharibifu mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, unafanywa na amri ya kutokula kabla ya upasuaji. Mgonjwa wa moto haendi chumba cha upasuaji mara moja. Anakwenda kuondolewa ngozi mfu, kupandikizwa, kubadilishiwa bandeji chini ya dawa ya usingizi, mara mbili au tatu kwa wiki. Kila safari amri ni ileile: asile tangu usiku wa manane. Zamu yake ikifika saa 8 mchana, saa 14 zimepita. Safari tatu ni saa 42, robo nzima ya wiki yenye saa 168. Mgonjwa wetu anayelishwa kwa mpira mfululizo hupoteza protini gramu 70 kila mara, jumla gramu 210 kwa wiki. Kilo 1 ya misuli ina protini karibu gramu 200. Upasuaji ukiahirishwa jioni, hasara ni ileile na siku inayofuata inaanza upya.

Hili linarekebishika bila kununua chochote. Chakula na maziwa vizuiwe saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, maziwa ya mama saa 4, na vinywaji angavu, kama maji, saa 2. Saa hizo zihesabiwe kutoka muda halisi wa mgonjwa huyo kwenye orodha, na mwenye jeraha kubwa au mtoto mdogo awekwe wa kwanza. Kwa aliye na mpira wa kupumulia uliokaa vizuri, tena analishwa ndani ya utumbo mwembamba, mtaalamu wa usingizi anaweza kukubali chakula kiendelee hadi upasuaji na hata wakati wake. Aliyebaki na njaa afidiwe: lengo liandikwe kwa ujazo wa saa 24, siyo kwa kasi ya saa, ili saa zilizopotea asubuhi ziongezwe kwenye kasi ya jioni kadiri tumbo linavyostahimili. Na orodha ikibadilishwa, anayeibadilisha apige simu wodini papo hapo ili mgonjwa ale.

Mpira wa kulishia nao una matatizo yake, na mengi hutafsiriwa vibaya. Chakula cha kusaga huziba mipira myembamba. Mtu huongeza maji kipite, na bila kujua amepunguza nishati kwa nusu. Afadhali kichujwe vizuri, mpira uwe mnene kidogo, na usukumwe kwa mililita 30 za maji kila baada ya saa 4 na kabla na baada ya dawa. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa nyuzi 30 hadi 45. Joto lile la nyuzi 28 hadi 30 linalookoa nishati ya mgonjwa ndilo linalozalisha bakteria kwenye chakula, hivyo kilichosagwa jikoni kisikae kitandani zaidi ya saa 2. Akiharisha, watu hukimbilia kusimamisha chakula, ilhali mara nyingi chanzo ni antibiotiki au dawa za maji zenye sorbitoli, kitamu kinacholegeza choo. Akijaa tumbo, tazama dozi ya mofini, dawa ya maumivu inayopunguza mwendo wa utumbo, na choo cha mwisho. Dawa za kusukuma tumbo au mpira uliopitishwa hadi ndani ya utumbo mwembamba hutatua mengi kabla ya kufikia uamuzi wa kumnyima.

Anayekula kwa mdomo ana vikwazo vya namna nyingine: mikono iliyofungwa haishiki kijiko, midomo inayokaza kwa kovu haifunguki, na maumivu ya kubadilisha bandeji huua hamu kwa saa kadhaa. Mlo uliopangwa mara tu baada ya bandeji hurudi jikoni ulivyo. Milo midogo 6, dawa ya maumivu kabla ya mlo, na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kumlisha vina thamani kuliko vidonge vya kuongeza hamu. Kama kwa siku 2 au 3 hafikii hata theluthi mbili ya lengo, wekeni mpira wa usiku: ale mchana kwa mdomo, usiku alishwe taratibu akiwa amelala.

Kuzidisha nako kunadhuru. Mwili huu haumudu glukosi zaidi ya takriban miligramu 5 kwa kilo kwa dakika, ambazo kwa kilo 60 ni gramu 432 kwa siku. Kinachozidi hugeuka mafuta ndani ya ini, huongeza hewa ya kaboni ambayo mapafu yanapaswa kuitoa, na hupandisha sukari ya damu. Sukari ikiwa juu, chembechembe nyeupe za damu hufanya kazi vibaya na ngozi iliyopandikizwa hukataa kushika. Wengi hulenga kuiweka chini ya milimoli 10 kwa lita, kwa insulini inapobidi, bila kumshusha mgonjwa kupita kiasi. Wanga ubaki chanzo kikuu cha nishati kwa sababu ndio unaookoa misuli vizuri zaidi, mafuta yasizidi asilimia 35 ya nishati yote.

Vitamini na madini vina kazi halisi. Kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, haiwezi kusokotwa imara pasipo vitamini C, na shaba ndiyo huwezesha nyuzi zake kufungana. Zinki inahitajika kila seli inapogawanyika. Seleniamu hulinda seli dhidi ya uharibifu wa oksijeni. Zinki, shaba na seleniamu hutoka na majimaji ya kidonda, ndiyo maana kwa majeraha makubwa huongezwa mapema, na vitamini C hutolewa gramu 0.5 hadi 1 kwa siku kwa mtu mzima. Ngozi iliyoungua na makovu yake hutengeneza vitamini D kidogo, hivyo nayo ipimwe au iongezwe. Tahadhari moja: zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia shaba kufyonzwa, na kidonda hukosa kingine kwa kupewa kimoja.

Glutamini, moja ya asidi amino, ina funzo lake. Kwa miaka ilipendekezwa kwa waliopata majeraha makubwa ya moto, kwa hoja nzuri ya kibiolojia: misuli huitoa kwa wingi na kiwango chake hushuka. Mwaka 2022 matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa wapatao 1,200 katika nchi 14 yalionyesha kwamba kuongeza gramu 0.5 kwa kilo kwa siku hakukufupisha muda wa mgonjwa kuruhusiwa kutoka akiwa hai. Fedha iliyotengwa kwa kopo la glutamini inafaa zaidi kununua maziwa ya unga, mayai na muda wa mtu wa kulisha.

Utajuaje kwamba lishe inafanya kazi? Usiangalie albumini, protini ya damu. Hushuka kwa sababu ya uvimbe na kuvuja kwa mishipa, na itabaki chini hata kwa mgonjwa anayelishwa vizuri. Kumpa albumini ya dripu kunapamba kipimo bila kujenga misuli. Angalia asilimia ya lengo iliyoingia kila siku, uzito mara mbili kwa wiki baada ya uvimbe kushuka, na nguvu ya mkono kwa wanaoweza kukamata. Kuna kipimo kingine ambacho wengi wanakipita: eneo ambalo ngozi ya kupandikiza ilichukuliwa. Ni jeraha jipya, safi, la kina kinachojulikana, na kwa kawaida hufunga ndani ya siku 10 hadi 14. Likiwa halina maambukizi na bado limechelewa, chunguza sahani na sukari ya damu kabla ya kulaumu aliyepandikiza.

Chakula peke yake hakizimi moto wa ndani. Kuondoa ngozi mfu mapema na kufunika kidonda ndiko kunakopunguza mahitaji zaidi ya kitu kingine chochote. Dawa ya propranololi imetumika, hasa kwa watoto, kutuliza moyo na kupunguza uvunjaji wa misuli. Na mazoezi ndiyo yanayoamua kama protini iliyoliwa itakuwa msuli au mafuta ya tumboni. Mgonjwa aliyelishwa gramu 120 akalala wiki sita bila kusimamishwa atanenepa huku miguu ikibaki dhaifu.

Kwa kuwa mwili huendelea kuchoma nishati muda mrefu baada ya ngozi kufunga, na watoto huweza kusimama kukua kwa mwaka mmoja au miwili, karatasi ya kumruhusu mgonjwa isiishie kwenye dawa na tarehe ya kliniki. Iandike uzito wa siku hiyo na ule wa kabla ya kuungua, gramu za protini za kila siku kwa vipimo vya mayai na vikombe anavyoweza kupata nyumbani, mazoezi ya kila siku, na tarehe ya kupimwa uzito kila mwezi. Kwa mtoto iongezwe urefu. Akirudi kliniki amepungua kilo 2 na vidonda vidogo vimefumuka kwenye kovu, anza na maswali ya chakula na choo, kisha pima sukari na wingi wa damu, ndipo uagize pandikizi jingine.